Mama Yao Yuko Kazini

 

Kuna swali linaloniandama kila nikitoka nyumbani. Nikipanda daladala naulizwa, nikisimama kwa muuza nyanya pale Mabatini, hapa Mwanza, naulizwa, nikiingia zahanati ndilo la kwanza kabisa: "Mama yao yuko wapi?" Muulizaji anamwona mwanangu Kulwa mgongoni kwangu amefungwa kwa kanga, pacha wake Doto nimempakata, dada yao ameshika suruali yangu. Anauliza kwa huruma, kwa sababu moyoni ameshaamua kwamba mama wa watoto hawa amefariki, au ameondoka akawaacha. Nami namjibu: "Mama yao yuko kazini." Huruma inakatika hapo hapo. Kinachofuata ni kimya, na ndani ya kimya hicho nahisi napimwa upya: huyu mwanaume ana nini?

Leo nataka nimjibu mtu huyo taratibu, maana kwenye daladala nafasi haitoshi.

Mke wangu ni muuguzi, anafanya kazi Sengerema. Mimi nilikuwa mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa mjini. Wenyeji mnaijua habari ya viwanda hivyo. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1990 alikuwa ndiye anayeendesha mji huu. Baadaye mizigo ikaanza kupungua, zamu zikapunguzwa, wengine wetu tukawa tunaitwa siku mbili tatu kwa wiki. Mapacha wakazaliwa katikati ya hali hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja anapata siku 100. Siku 100 ni nyingi ukizitamka. Zikiisha, watoto wana miezi mitatu na siku chache, shingo ndiyo kwanza zinakaza, na mama anatakiwa kazini.

Tukakaa, tukapiga hesabu. Dada wa kazi mmoja asingeweza mapacha pamoja na mtoto wa miaka minne. Wakiwa wawili, mshahara na chakula chao vingemeza karibu kila nilicholeta kutoka kiwandani. Bibi yao yuko Magu, na mvua zilikuwa zimeanza. Kumtoa mkulima shambani wakati wa kupanda ni kuliacha ghala tupu mwaka mzima. Kituo cha kulelea watoto mchana kilichokuwa karibu nasi kilipokea watoto wanaotembea, si wanaonyonya. Mshahara wa uhakika ulikuwa wa mama yao, na una bima ya afya ndani yake. Aliyebaki ni mimi. Sikubaki kwa kushindwa maisha, wala hakuna aliyenishinda. Tuliamua sote wawili, usiku, mapacha wamelala, na mpaka leo naona tuliamua vizuri.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mizito. Mtoto hadi atimize miezi sita hapewi kitu kingine ila maziwa ya mama, na mama mwenyewe yuko ng'ambo ya ghuba. Sheria ile ile inamruhusu anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kila siku kumnyonyesha mwanawe. Lakini anayefanya kazi Sengerema atazitumiaje kwa watoto walioko Mabatini? Wakati ule Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, na foleni ya kivuko haina habari na maziwa yanayomjaa mtu kifuani. Alikamua usiku, akakamua tena alfajiri kabla ya kuondoka, mimi mchana nikawanywesha kwa kikombe kidogo. Alinifundisha mwenyewe, kwa upole wa kazi yake: usimmiminie mtoto, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, subiri aulambe kwa ulimi wake. Chupa hatukuitumia kabisa. Chuchu ya chupa inataka maji mengi na moto mwingi ili isafike, na isiposafika mtoto anaharisha.

Daraja lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, taarifa za habari zilizungumza juu ya malori, mizigo na biashara ya Kanda ya Ziwa. Nyumbani kwetu tulizishangilia kilomita tatu za daraja lile kwa sababu nyingine: mama alianza kufika kabla watoto hawajalala.

Nyumba yetu iko juu, kwenye mawe. Mgeni akija Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck akaondoka; anayeishi Mabatini, Igogo au Bugarika anayajua mawe ya mji huu kwa magoti. Bodaboda inakushusha barabarani, kutoka hapo ni kupanda kwa miguu. Sasa fikirieni maji. Bomba likikatika juu, ndoo ya lita 20 inatoka chini, na watoto wawili wasioweza hata kukaa hawawezi kuachwa peke yao. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama mmoja anayeanika dagaa Mwaloni Kirumba. Tulipatana hivi: alfajiri mimi nateka maji ya nyumba zote mbili, yeye anawatazama mapacha. Akishaona mapipa yamejaa, anafunga kanga yake anashuka kwenda kazini. Mapatano hayo yanaendelea mpaka sasa, na sijawahi kumsikia akiniuliza swali lile la kwenye daladala.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha dagaa. Nilikuwa nimefanya kazi ya samaki kwa miaka, lakini samaki wa kwenda Ulaya, wa kupimwa kwa nyuzi za baridi. Samaki wa kumlisha mtoto sikumjua. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga huo hautoki hata ukiwaosha vipi, utausikia kwenye meno. Tafuta walioanikwa kwenye chanja. Waoshe, wakaushe tena juani, wakaange bila mafuta hadi wavunjike wenyewe ukiwabana kwa vidole, kisha uwasage. Kijiko cha unga huo ndani ya uji wa ulezi, baada ya mtoto kutimiza miezi sita, ni chakula chenye nyama na mifupa kwa pamoja, maana dagaa huliwa mzima. Mimi jambo hili linaniuma kweli: dagaa wetu wanasafirishwa hadi Kongo, wengine wanasagwa kuwa chakula cha kuku, halafu chini ya kilima hiki hiki mtoto anakuzwa kwa uji mweupe wa mahindi siku nzima. Kina mama wengi wanajua. Baba aliyeshika pesa ya matumizi hajui, kwa hiyo hanunui. Bibi wa Magu naye hutuletea michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na dada yao mkubwa akishapewa tobolwa lake la asubuhi nyumba nzima hupata amani mpaka saa nne.

Ziwa ni habari nyingine. Watoto wa Mwanza wanaliona ziwa kutoka kila mlima na wanalitaka. Mimi nimekulia humo, tukipiga mbizi mchana kutwa, na wengi wa rika langu tulikojoa damu au kuharisha damu tukadhani ni mambo ya ukubwa. Ni kichocho. Konokono wadogo wa majini ndio wanaokitoa, na kwa kichocho cha tumbo, kilicho kingi ufukweni kwetu, saa za jua kali ndizo mbaya zaidi. Vijidudu vyake vinapenya ngozi ya mtu yeyote, hata ya kitoto kinachoogeshwa kwenye beseni la maji yaliyotekwa ziwani muda huo huo. Maji hayo ukiyaacha pipani siku mbili bila konokono ndani, vijidudu hufa kwa kukosa mwili wa kuingia. Nilipoelewa hivyo, maji ya pipa la kuogea watoto yakawa hayachanganywi na yaliyotekwa siku ile. Kwa miaka mingi dawa ya kampeni iligawiwa shuleni, wadogo wasiofika shule wakarukwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ubora wa dawa ya kichocho iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Ninaisubiri kwa hamu ifike kwenye kila zahanati ya ufukweni, Luchelele, Igombe, Kayenze, kote.

Sasa nije kwenye maneno ya watu. Yapo yanayosemwa mbele yangu na yanayosemwa nikishapita. Marioo. Kalishwa limbwata. Miaka ya 2000 mwimbaji Bushoke alituimbia "Mume Bwege", malalamiko ya mume anayefanyishwa kazi za ndani, na nchi nzima ikauimba kwa furaha. Mpaka leo kuna kijana akiniona naanua nepi ananipigia mluzi wa wimbo ule. Sina ugomvi na msanii, wimbo ni mzuri. Lakini mtoto mwenye nepi iliyolowa haumwi na wimbo, anaumwa na nepi. Nikiacha kuifua kwa sababu ya mluzi, anayepata upele ni Doto.

Wapo wanaosema kulea watoto kunampunguza mwanaume. Hilo limepimwa, tena hapa hapa Tanzania. Ukipita Meatu ukashuka kuelekea Ziwa Eyasi utawakuta Wahadzabe, wawindaji wa upinde, watu wanaopanda mbuyu kufuata asali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walipima mate ya wanaume wa Kihadzabe na ya majirani zao wafugaji, Wadatoga. Kwa Wahadzabe, ambako baba hukaa na kitoto chake, akakibeba, akalala nacho, wenye watoto walikuwa na homoni ya kiume, testosteroni, kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako kitoto kichanga ni cha mama, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo ni kweli, kipo kinachopungua. Mimi nasoma hivi: mwili wa mwanaume umeumbwa na nafasi ya kulea, na unajigeuza ukipewa mtoto wa kumshika. Na nani atasimama mbele ya Mhadzabe mwenye upinde amwambie kwamba yeye si mwanaume kamili?

Mjomba wangu mmoja wa Misungwi alikuja kutusalimu akakaa siku mbili. Siku ya pili jioni, watoto wamelala, akaniambia, "Mwanangu, sikulaumu. Lakini kwetu baba huanza kazi yake mtoto akishafika shikome." Nilinyamaza kwanza, kwa heshima. Shikome, kwa msiojua, ni moto wa jioni wa uani kwa Wasukuma, ambapo wazee na vijana wa kiume waliota pamoja, na hapo kijana alijifunza ng'ombe, mipaka, ukoo na jinsi ya kusema mbele za watu. Ilikuwa shule kubwa, wala siidharau. Nikamwambia, "Mjomba, hapa Mabatini moto huo tutauwasha wapi? Jioni za mji huu baba yuko kwenye foleni ya daladala, au yuko kibandani anatazama mpira." Alicheka kidogo akatikisa kichwa. Nikamwambia pia kwamba nikisubiri Kulwa afike umri wa kukaa na mimi motoni, nitakuwa nakaa na kijana nisiyemjua, naye hanijui, na maneno yangu yatamfikia kama maneno ya mgeni. Hakunikubalia, lakini asubuhi yake alimbeba Doto mpaka barabarani, nami nikabeba mkoba wake.

Kubwa nililojifunza katika kazi hii ni kwamba mtoto anajulikana kwa saa. Hakuna kipaji cha kike kinachomwambia mama kwamba kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha sikio. Anajua kwa sababu amekaa naye. Nami nimekaa nao. Doto akivuta sikio lake la kushoto najua usiku utakuwa mrefu. Kulwa akinyamaza ghafla naacha kila kitu, kwa sababu Kulwa mzima hanyamazi. Programu jumuishi ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto wa miaka 0 hadi 8, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio kuwa moja ya mahitaji ya mtoto, sawa na lishe na afya. Kuitika ni lazima uwe karibu umsikie. Mwanaume anayetoka kabla ya alfajiri akarudi watoto wamelala hajakosa upendo, amekosa saa. Tusimtukane huyo. Tuulize saa zake zimekwenda wapi, na kama zipo za kurudishwa.

Nendeni mwalo wa Igombe mwezi ukijaa mkaone. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, na baba yuko nyumbani siku kadhaa mfululizo. Utamkuta anashona nyavu huku mwanawe amelala juu ya rundo la nyavu, mwingine anacheza na maboya. Anamlisha, anampangusa kamasi, anamwimbia. Hakuna mtu anayemuuliza mama wa mtoto yuko wapi, kwa sababu mkononi ana sindano ya nyavu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mwanaume tunamruhusu kukaa na mtoto ikiwa ameshika na kazi nyingine. Akiwa ameshika mtoto peke yake, tunashtuka.

Wakati huo huo pale Mwaloni wanawake wanaanua dagaa na vichanga mgongoni, jua kichwani, na hakuna anayegeuka. Nikipita mimi na Kulwa mgongoni wapo wanaonisifu: baba wa mfano, Mungu akubariki. Sifa hizo huwa zinanitia uzito, nikikumbuka jirani yangu hajapewa hata moja kwa watoto wote aliowalea. Mwenye sifa za kugawa aanzie pale kwenye chanja.

Na sheria yetu? Ile ya 2004 ilimwandikia baba likizo isiyopungua siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu, wasikilizaji, mama aliyepasuliwa huenda hata hajaruhusiwa kutoka wodini. Uganda waliandika siku nne za kazi mwaka 2006, Kenya wiki mbili mwaka 2007. Sweden tangu 1974 likizo ya mzazi inaweza kuchukuliwa na baba au mama, lakini akina baba wengi waliendelea kuiacha, mpaka mwaka 1995 walipotengewa mwezi wao ambao wasipouchukua unapotea. Ndipo walipoanza kukaa nyumbani kwa wingi. Ningependa wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa walichukue hilo la kumtengea baba siku zake, angalau wiki mbili kama Kenya. Wiki mbili si nyingi. Najua pia kwamba mvuvi, machinga na fundi ujenzi hawana mwajiri wa kuwapa likizo, na ndio wengi wetu, kwa hiyo hata sheria ikibadilika kesho itawafikia wachache. Lakini sheria inafundisha hata wasioguswa nayo. Ikisema wiki mbili, kijana wa Igogo atasikia kwamba taifa linamtegemea kwenye chumba cha mtoto.

Kuna jambo dogo ambalo halingoji Bunge. Kadi ya kliniki ya mtoto wako iko wapi ndani ya nyumba? Nawauliza akina baba, hasa ninyi wavuvi mnaopumzika mwezi ukijaa. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9, ya pili ni miezi 18, na hiyo ya pili watoto wengi huikosa kwa sababu tu wameshaanza kukimbia na nyumba imesahau kliniki. Matone ya vitamini A huja Juni na Desemba. Muulize mama yake kadi ilipo, isome mwenyewe, tafuta tarehe inayofuata iliyoandikwa kwa kalamu. Siku hiyo mpeleke wewe, na uwahi, kabla foleni haijafika mlangoni.